Mhola Kwenye Mstari wa Kwanza

Ikifika saa tisa alasiri, hata leo, mwili wangu unajua. Mkono unaacha unachofanya. Kama niko sokoni Bariadi nachagua nyanya, nitasimama na nyanya yangu mkononi mpaka muuzaji aniulize kama nimeiona ina kasoro. Haina kasoro. Ni kwamba kwa miaka kadhaa saa tisa ilikuwa saa yangu, saa ambayo kanzidata niliyoitunza iliamka yenyewe, bila mtu kuigusa, na kuita Mwanza.

Nieleze vizuri, maana najua watu wakisikia habari za kompyuta wanaziba masikio. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kliniki ndogo ya macho hapa mjini. Tulikuwa wanne tu: daktari, muuguzi wa mapokezi ambaye sote tulimwita sista, mlinzi, na mimi. Kazi yangu ilikuwa kanzidata, yaani lile ghala ndani ya kompyuta linalotunza majina ya wagonjwa, jicho gani linauma, presha ya jicho imefika wapi, nani anahitaji upasuaji. Upasuaji wenyewe sisi hatukuwa nao. Ulikuwa Mwanza, kwa madaktari bingwa waliopanga zamu zao kwa kufuata orodha tulizowatumia sisi na kliniki nyingine ndogo kama yetu. Jina lako likiwa kwenye orodha, unaitwa. Lisipokuwepo, huitwi.

Zamani orodha ilisafiri kwa flash. Sista aliitia kwenye bahasha, akampa kondakta wa basi, kondakta akaiweka mbele karibu na kioo pamoja na chaja na karanga zake, na huko mbele inafika au haifiki. Siku moja ilirudi Bariadi na basi lile lile, haijashuka popote. Ndani yake mlikuwa na majina ya watu na maradhi yao, na yeyote angeweza kuichomeka na kusoma nani anapofuka Ngulyati na nani anapofuka Mkula. Siku ile nilipandisha, we acha tu. Mimi nikikasirika sina dogo, sista mwenyewe alikwenda kujifungia stoo akajifanya anahesabu glavu. Nikasema basi, hii kazi naimaliza mimi. Nitaandika programu ndani ya kanzidata yenyewe, na kanzidata ndiyo itakayopeleka orodha, imefungwa kwa fumbo, hata mtu akiidaka njiani aambulie herufi zisizo na kichwa wala miguu.

"Itapelekaje hiyo na haitembei?" sista akauliza kutoka stoo.

"Wewe subiri."

Wiki zile za kuandika nazikumbuka kama usingizi wa mchana. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja lililoangalia uwanja, na jua lilipopiga mchanga wa nje chumba kizima kilikuwa cheupe: kuta, dari, mikono yangu juu ya kibodi. Feni ilizunguka polepole kwa sababu umeme ulikuwa mdogo. Naandika mstari, nafuta mstari. Kwa mbali ng'ombe wanapita kwenda lamboni na kengele zao, na mimi nipo na sipo. Niliiona orodha yangu ikitoka dirishani, inavuka mashamba ya pamba, inashika njia ya ziwani, inapita Mkula, inapita Kalemela ziwa likiwa mkono wa kulia, na hakuna mtu hata mmoja kule chini anayejua kuwa majina ya jirani zake yamepita juu ya kichwa chake. Nilikuwa naona raha, jamani. Sijui kama ni vibaya kusema hivyo kwa kazi ya ofisini.

Kuna jambo moja la ufundi lazima nilitaje, kisha nitaacha. Mashine mbili zikikutana mara ya kwanza kwa njia hii ya siri, ile inayopigiwa hodi, yaani seva, inatoa alama yake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu ambao seva nyingine haina. Unauhifadhi. Kuanzia hapo, kila ukipiga hodi unaangalia alama kwanza. Ikiwa ni ile ile, unaingia na kushusha mzigo. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, unageuka na mzigo wako, kwa sababu aliyefungua mlango anaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Mimi ni Msukuma, hilo sikuhitaji kufundishwa darasani. Kwetu humwagi habari za nyumbani kwa mtu ambaye hujamuuliza ni wa ukoo gani.

Alama hiyo nilisomewa kwa simu na kijana aliyetunza seva kule Mwanza. Uso wake sijawahi kuuona mpaka leo, lakini sauti yake ningeitambua katikati ya mnada.

"P ya pamba," anasema.

"P ya pamba."

"K ndogo, dada. K ya kuku."

"Kuku mdogo. Endelea."

Tulicheka mpaka daktari akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. Siku ya kwanza orodha ilipokwenda, ilikwenda kwa muda wa mtu kupiga chafya. Yule kijana akapiga simu, "Dada, limeingia!" Sista akapiga vigelegele pale mapokezi, wagonjwa wakadhani kuna bibi harusi. Kichwa kilinivimba, sitakataa.

Na hapo ndipo nilipofanya jambo langu. Programu ilipaswa kumwandikia sista taarifa kila saa tisa: nimekwenda, nimerudi, mambo yako hivi. Nikafikiri, kwa nini imsalimie kizungu? Nikaifundisha kusalimia kama watu. Kwetu mtu akifika, hata kama amebeba msiba, kwanza ni salamu. "Mwadila." "Mwadila." "Mhola?" "Mhola." Yaani kwema. Za watoto, mhola. Za ng'ombe, mhola. Anakaribishwa kiti, anakunywa maji, anapumua. Halafu ndiyo anasema, "Ila," na hapo kila mtu anajua sasa linakuja lenyewe. Nimekua hivyo. Nakumbuka mjomba wangu alipokuja kutuambia kuwa babu amefariki, alijibu mhola mara sita kabla hajavua kofia.

Basi programu yangu ilianza kwa kuandika MHOLA, kabla hata haijapiga hodi Mwanza. Chini yake ndiyo iliandika mengine: imepeleka nini, saa ngapi, na kama kuna "ila," ile ila. Na dirisha la sista lilionyesha mstari wa kwanza. Iliyobaki ulipaswa kubonyeza ndipo uione. Sista aliipenda sana. Ikifika saa tisa alitangaza kwa sauti, "Mhola!" na mlinzi nje anaitikia, "Mhola!" Miezi na miezi ilikuwa kwema kweli, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kubonyeza.

Sasa nimseme mama yangu. Kwetu mama ni mayu, na mimi sijawahi kumwita vingine. Aliishi Ngulyati, kwenye nyumba ile ile niliyozaliwa, na pamba yake, na ng'ombe saba ambao aliwajua kwa kukohoa kwao. Alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa ule hauumi mwanzoni, unakula pembeni taratibu, mtu anadhani ni uzee. Alipokubali kuja kliniki, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa limebaki na kitundu. Alinieleza mwenyewe: anaona uso wangu, lakini lazima achague, akiangalia macho yangu haoni mdomo.

Daktari alimpima, akampima tena, akaniita pembeni.

"Huyu akafanyiwe haraka," akasema. "Matone yatashika kidogo tu. Kinachopotea kwenye ugonjwa huu hakirudi, unalijua hilo. Tunachoweza ni kukilinda kilichobaki."

Kilichobaki kilikuwa kile kitundu. Hicho ndicho kilikuwa chote.

Sista akaandika jina lake Jumatatu. Mimi sikuligusa. Sababu ya kutoligusa nataka niiseme: nilikuwa nimejipiga kifua mbele ya ukoo mzima kwamba kwenye orodha yangu hakuna cha ndugu wala jirani. Mjomba huyo huyo alikuja mwaka uliotangulia akitaka nimsogeze juu, nikamrudisha Ngulyati na maneno yake. Kwa hiyo la mayu lilikaa mahali pake kwa mujibu wa daktari, na daktari aliliweka la kwanza. Saa tisa sista akatangaza, "Mhola!" Nilisimama katikati ya chumba changu cheupe nikaliona jina la mama yangu likivuka pamba, likishika njia ya ziwani. Niliona mwili mwepesi. Nilitoka nikanunua mahindi ya kuchoma.

Jumamosi nilikwenda Ngulyati kwa bodaboda. Ulikuwa msimu wa kuchuma, pamba imepasuka shamba zima, na mwanga ulikuwa unatoka chini badala ya juu. Mayu alikuwa katikati yake, anachuma. Jicho lake lilikuwa kwenye tunda moja tu kwa wakati mmoja, lakini vidole vilikuwa vimeshafika kwenye la pili, vinaling'oa lote safi bila jani. Nilisimama kwenye kijia sikumwita. Sijui nilisimama muda gani. Kulikuwa na sauti ndogo ya pamba ikitoka kwenye ganda lake, kisha kimya, kisha tena.

"Mwangaluka, mayu."

Akageuka, akanitafuta kwa kile kitundu chake kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano, mpaka akanipata. Akacheka.

"Mwangaluka, mwanangu. Mbona umesimama kama mgeni?"

"Za hapa?"

"Mhola."

"Na jicho?"

"Mhola tu. Wameniita?"

"Bado, mayu. Wataita wiki inayokuja. Jina lako ni la kwanza."

"Aa, la kwanza!" akasema, na kusema kweli lilimfurahisha zaidi kuwa la kwanza kuliko kuitwa. Tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye kivuli cha nyumba, akawa ananiangalia kila mara, anageuza kichwa, ananipima kwa vipande. Mimi nilikuwa na simu mkononi nasoma ujumbe wa kazini. Nilisema ndiyo, ndiyo, mahali ambapo alikuwa anahadithia.

Wiki ya pili ilipita. Kila saa tisa, "Mhola!" na mlinzi, "Mhola!" Mwanza hawakuita. Jumatano nikaanza kununa. Ijumaa nilikuwa nawatukana kimoyomoyo, wale mabingwa na chai zao. Lakini sikupiga simu. Ningepiga ningeonekana namsukuma mama yangu, na mimi ndiye niliyejipiga kifua. Kiburi kina sura nyingi, mimi changu kilivaa sura ya haki. Jumamosi sikwenda Ngulyati, nilikuwa na kazi ya kurekebisha kompyuta ya daktari. Nikampigia mayu simu.

"Jicho?"

"Mhola."

"Matone unaweka?"

"Naweka. Fanya kazi yako, mwanangu."

Jumanne ya wiki ya tatu akaingia mzee mmoja mvuvi kutoka Kalemela, amepakiwa na binti yake kwenye pikipiki mpaka kliniki. Aliandikwa siku moja na mayu, jina lake lilifuata la mayu. Sista akamweleza kwa upole kuwa orodha imekwenda, asubiri. Yule binti akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Sista, jirani yetu ameandikwa kliniki nyingine baada yetu. Ameshafanyiwa, amesharudi, anashona nyavu."

Damu ikanichemka. Nikanyakua simu pale pale mapokezi mbele ya watu, nikampigia yule kijana wa Mwanza. Nilianza na kelele. Namshukuru Mungu kwamba ana moyo wa kusubiri, aliniacha nikamaliza.

"Dada," akasema, "ninyi si hamjatuma kitu tangu Jumapili ile tulipobadilisha seva, wiki mbili na zaidi sasa? Sisi tulidhani hamna wagonjwa."

"Tumetuma kila siku."

"Hakuna kilichoingia, dada. Hata kimoja."

Nilikaa kwenye kiti cha sista. Nikabonyeza mstari wa kwanza. Chini ya MHOLA ya Jumatatu ile: ila alama ya mlango imebadilika, nimekataa kuingia, nimerudi na mzigo. Nikabonyeza ya Jumanne. Ila alama imebadilika. Jumatano. Alhamisi. Siku zote zile, moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili kizuri nilichokiandika kwa mkono wangu, programu ilikuwa imeniambia ukweli wote. Ilikuwa imefanya sawasawa nilivyoifundisha. Ilisalimia kwanza.

Sista alikuwa amesimama nyuma yangu, anasoma begani. "Mimi nilidhani mhola ni mhola," akasema, akaanza kulia. Nikamwambia anyamaze. Halafu nikamwambia anisamehe, kwa sababu si yeye.

Ningeweza kuimaliza pale pale. Kufuta alama ya zamani, kuiambia programu ikubali yeyote anayefungua mlango, dakika moja tu. Kidole kilikuwa tayari juu ya kibodi, mayu wangu yuko kwenye ile orodha. Lakini walikuwemo na wengine, na magonjwa yao, na mimi nilikuwa sina tena haki ya kufanya mambo kwa kuamini kuwa ni kwema. Nikamwambia yule kijana aende mpaka kwenye seva yenyewe anisomee alama mpya. Ilimchukua karibu saa nzima kupata mwenye funguo za chumba. Saa ile niliikaa chumbani kwangu, jua likiwa limejaa mpaka kwenye meza, na sikuona chochote kikivuka mashamba. Akarudi hewani.

"Namba saba," akasema.

"Saba."

"M kubwa."

Hakusema M ya nini, na mimi sikumuuliza. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho wa mstari, nikarudia wote tangu mwanzo, akasema ndiyo. Orodha ikaingia kwa muda wa chafya.

Daktari alikuwa ameshazungumza na mabingwa. Akaja akakaa kwenye ukingo wa meza yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Zamu yao ilikuwa wiki iliyopita, akasema, Jumatano na Alhamisi. Inayofuata ni baada ya wiki mbili, ila kwa mayu na mzee wa Kalemela watafungua nafasi kesho kutwa. Nikamuuliza, kama orodha ingefika siku yake, mayu angefanyiwa lini. Angeweza kunidanganya.

"Jumatano," akasema. "Angekuwa wa kwanza."

Kesho yake asubuhi nilikuwa Ngulyati. Njia nzima ya bodaboda nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta ndani, jambo lisilo la kawaida yake asubuhi wakati wa pamba. Alikuwa ameketi kitandani amejifunga kanga mbili.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Ni wewe?"

"Ni mimi. Mayu, leo sianzi na mhola. Nina jambo baya." Nikalisema lote bila kupumua. Seva, alama, mstari wa kwanza, kiburi changu cha kutopiga simu. Nilisema kwa Kisukuma, na kwa Kisukuma maneno mengine hayapo, kwa hiyo nilisema tu: nilipeleka jina lako, mlango ukakataa, likarudi, na mimi sikuangalia. Ni mimi, mayu. Si watu wa Mwanza.

Mkono wake ulitafuta ukingo wa kitanda, ukaufuata mpaka kwenye goti langu, na hapo ndipo nilipoelewa, kabla hajasema.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Alhamisi iliyopita. Niliamka nikadhani hakujakucha. Nikasikia jirani anapeleka ng'ombe."

"Jumamosi nilikupigia! Ulisema mhola!"

"Ningekwambia ungewachomea nyumba watu wa Mwanza," akasema. "Nakujua wewe. Nikasema ngoja waniite kwanza."

Nililia pale kwa sauti, mimi mtu mzima, mpaka kuku waliokuwa mlangoni wakatoka. Aliniacha nilie. Hakuniambia si kitu, na nilimshukuru kwa hilo, kwa sababu kilikuwa kitu.

Mwanza walimfanyia. Walifanya vizuri, presha ikashuka, maumivu ya kichwa aliyokuwa hajawahi kuyataja yakaisha. Bingwa mmoja, mama mpole mwenye mikono midogo, alimmulika muda mrefu, kisha akazima tochi yake akaniangalia mimi, akatikisa kichwa. Mzee wa Kalemela yeye alibahatika, alibaki na kiasi. Nilifurahi kwa ajili yake, na nilimwonea wivu pia, nalisema tu.

Niliibadilisha ile programu wiki ile ile. Tangu hapo ikawa inaanza na lililo baya. Kama mlango umekataa, dirisha la sista linakuwa jekundu lote na halifungi mpaka mtu abonyeze na kusoma hadi mwisho. Sista hakuipenda. "Haina adabu," alisema, "inaingia tu na kuanza kulalamika." Lakini aliisoma, kila siku, mstari kwa mstari, miwani ikiwa puani. Mlinzi aliacha kuitikia. Saa tisa pakawa kimya.

Mayu alirudi Ngulyati, hakutaka kukaa kwangu mjini. Alijifunza nyumba yake upya. Pamba aliendelea kuichambua, tulimletea kwenye mkeka akatoa majani na uchafu kwa vidole, na wanunuzi hawakupata la kusema. Nikawa naenda kila Jumamosi, simu naiacha kwenye mkoba. Tunakaa kivulini. Upepo unapita shambani na yeye anaugeuzia uso, na mimi nafumba macho niwe alipo, lakini mwanga unapenya kwenye kope na najua kabisa siko alipo.

Jumamosi moja alisimamisha mikono.

"Siku ile," akasema. "Ile Jumamosi tuliyokula michembe. Ulikuwa umevaa nini?"

Nikatafuta. Nilikumbuka pamba, na kijia, na sauti ya maganda. Nilikumbuka ujumbe niliokuwa nausoma kwenye simu, neno kwa neno. Nilikumbuka alivyokuwa anageuza kichwa ananiangalia kwa vipande.

"Nilikuona," akasema, "lakini nilianza na uso. Nikasema nguo nitaiangalia akija tena."

Ningeweza kutaja rangi yoyote. Asingejua.

"Sikumbuki, mayu," nikasema.

Alitafuna midomo kidogo. Mikono ikarudi kwenye pamba.

"Basi nitakuvika ya njano," akasema. "Njano ndiyo iliyochelewa kuniacha."